Kuanza Maisha Winnipeg: Mwongozo wa Mgeni na wa Anayefanya Kazi kwa Mbali

Ukiaga nyumbani kwamba unahamia Kanada, kila mtu anakuwazia uko Toronto. Winnipeg wachache wanaijua, na wanaoijua wanaijua kwa baridi yake. Ni mji mkuu wa jimbo la Manitoba, katikati ya nchi, pale Mto Red unapokutana na Mto Assiniboine. Sensa ya mwaka 2021 iliwakuta humo watu 749,607, kwa hiyo kwa wingi wa watu haupishani sana na jiji la Dodoma. Jina lenyewe limetoka katika lugha ya Wacree, na maana yake ni maji ya tope.

Nimekaa hapa misimu mitano ya baridi. Kazi yangu naifanya kwenye laptopu, wateja wako Dar na kwingineko. Katika wageni niliowapokea, waliokwama kwa kukosa hela ni wachache. Wengi walikwama kwa kuanzia kati: mtu anasaka nyumba kabla hajafungua akaunti, ananunua gari kabla hajapata leseni, anaanza kuulizia daktari usiku mtoto anapowaka homa. Huku karatasi moja ndiyo inayoomba nyingine, na ukiruka moja unarudishwa mwanzo wa foleni. Basi nitakupangia kwa mfuatano.

Kabla hujapanda ndege

Anza na jina. Cheti cha kuzaliwa kina jina la babu, pasipoti haina, cheti cha chuo kimeweka herufi ya kwanza tu. Nyumbani kila mtu anajua ni wewe huyo huyo. Huku kompyuta inaona watu watatu. Rekebisha mapema, au kula kiapo cha majina kwa wakili na uje na hati yake kwa Kiingereza.

Chukua kadi za chanjo za watoto, barua ya mwenye nyumba wako wa mwisho, na barua ya mamlaka ya leseni (TRA kwa Tanzania, NTSA kwa Kenya) inayoonyesha umekuwa na leseni tangu mwaka gani. Hiyo ya mwisho watu huiona ya ziada, kumbe inaweza kukuokolea miezi kadhaa.

Laini yako ya simu usiitupe. Benki na huduma za pesa za nyumbani zinatuma namba za siri kwa ujumbe mfupi. Washa huduma ya kupokea ujumbe ukiwa nje ya nchi kabla hujaondoka, na uitilie salio mara kwa mara. Ikifungwa, pesa zako zilizo kwenye simu utazipata ukirudi likizo.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki hadi Winnipeg. Utaingilia mji mwingine, mara nyingi Toronto au Montreal, na pale mguu unapokanyaga Kanada kwa mara ya kwanza ndipo ofisa wa uhamiaji anapokuchapia kibali. Acha saa nne kati ya ndege na ndege. Ukikabidhiwa karatasi usiondoke dirishani kabla ya kusoma jina, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho wa kibali. Kosa likionekana palepale linasahihishwa ukiwa umesimama. Likionekana Winnipeg ni fomu, na baada ya fomu ni kusubiri.

Chakula tangaza chote forodhani. Nyama usibebe. Dagaa wakavu na viungo kwa kawaida vinapita, lakini ukivificha na mbwa akavinusa, faini ni ya kwako.

Kwa mtu wa kazi ya mbali, jambo moja la kuelewa mapema. Anayeingia na visa ya mgeni anaruhusiwa kukaa hadi miezi sita huku akiendelea kumfanyia kazi mwajiri aliye nje ya Kanada, na hahitaji kibali cha kazi. Akishika mwajiri au mteja wa Kanada, hapo kibali kinahitajika. Mgeni wa aina hiyo hana bima ya afya ya serikali, kwa hiyo anunue yake kabla ya safari. Asiseme ataangalia akifika.

Wiki ya kwanza

Siku ya kwanza au ya pili nenda Service Canada, ofisi ya huduma za serikali kuu, ukachukue namba ya SIN, yaani namba yako ya utambulisho wa kazi na kodi. Ni tarakimu tisa, hailipiwi, na bila hiyo hakuna mshahara wala kodi. Ya mkazi wa muda huanza na 9 na huisha pamoja na kibali, kwa hiyo kila ukiongeza kibali nenda ukaihuishe. Karatasi yake iache nyumbani. Na mtu akikupigia simu akisema SIN yako imefungwa, ulipie kwa kadi za zawadi za dukani, huyo ni mwizi. Kata simu, usimjibu hata salamu.

Kutoka hapo ingia benki. Pasipoti na kibali vinatosha kufungua akaunti, na benki kubwa zina vifurushi vya wageni ambavyo kwa muda fulani havina ada ya kila mwezi. Omba na kadi ya mkopo siku hiyohiyo. Najua wengi wetu tumelelewa kuogopa deni, na si vibaya. Ila hapa kuna alama za mkopo, zinazoonyesha unavyolipa madeni yako, kutoka 300 hadi 900, na wewe unashuka kwenye ndege huna hata moja. Mwenye nyumba ataziangalia, kampuni ya simu itaziangalia. Dawa yake ni hii: mafuta ya kula, mkate na nauli vilipie kwa kadi, kisha deni lote ulilipe kabla ya tarehe, kila mwezi, bila kubakiza. Wakikunyima kadi ya kawaida, omba ile ya dhamana: unaweka, tuseme, dola 500 zako mwenyewe na wanakukopesha hizo hizo. Ni kichekesho kidogo, lakini alama zinapanda.

Kutumiana pesa ni kwa Interac e-Transfer. Ndiyo M-Pesa ya huku, ila inapita kwenye baruapepe na haina wakala pale kona.

Kisha ombi la bima ya afya ya Manitoba. Mkazi wa kudumu anastahili, na mwenye kibali cha kazi cha miezi 12 au zaidi naye anastahili. Peleka fomu mapema hata kama uko mzima kama kigongo, maana namba hiyo ndiyo utakayoulizwa kila utakapoingia kliniki.

Tatizo ni anwani: kila ofisi inataka uthibitisho wa unapokaa, na wewe bado unalala sebuleni kwa ndugu. Barua ya benki iliyotumwa kwenye anwani hiyo ya ndugu mara nyingi inakubalika. Kama huna ndugu, kuna mashirika ya kupokea wageni kama Immigrant Centre na IRCOM, na kuna Welcome Place kwa wakimbizi. Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda wanaojua Kifaransa wana bahati ya pili: mtaa wa St. Boniface, ng'ambo ya Mto Red, ni wa wasema Kifaransa tangu zamani, na Accueil francophone inawapokea kwa lugha hiyo. Foleni ya Kiingereza inakuwa ndefu wakati ya Kifaransa watu wameshahudumiwa.

Nyumba

Sahau dalali, sahau pango la miezi sita mkononi. Manitoba unalipa mwezi kwa mwezi, na dhamana haizidi nusu ya pango la mwezi mmoja. Anayekudai miezi miwili ya dhamana ama hajui sheria ama anadhani hujui wewe.

Mkataba una fomu rasmi ya jimbo. Pango likipanda, mwenye nyumba anatakiwa akupe notisi ya maandishi ya miezi mitatu, na jimbo linaweka kila mwaka kiwango cha kupandisha ambacho nyumba nyingi haziruhusiwi kukivuka bila kibali. Mkigombana kuna ofisi ya serikali ya masuala ya upangaji, Residential Tenancies Branch. Nimewahi kwenda huko kudai dhamana yangu. Mwenye nyumba alisema zulia lina doa nililoliweka mimi. Nilikuwa na picha ya doa hilo, niliyoipiga siku ya kuhamia. Kwa hiyo siku ukikabidhiwa funguo, zunguka na simu piga kila kitu: zulia, jiko, nyuma ya friji, dirisha ambalo halifungi vizuri. Jitumie picha hizo kwa baruapepe ili tarehe ibaki.

Kabla ya kusaini uliza maswali manne. Joto liko ndani ya pango au nalipa mwenyewe? Umeme? Mashine ya kufulia iko wapi? Na kwenye maegesho kuna soketi ya umeme? La joto ndilo zito. Nyumba ya bei poa ambayo joto unajilipia inaweza kukutoa jasho mwezi wa Januari, hasa ghorofa ya chini ya nyumba ya zamani yenye madirisha ya kioo kimoja.

Usitume pesa kwa nyumba ambayo hujaiona wewe au mtu unayemwamini. Hadithi ni ileile kila mwaka: picha nzuri, bei rahisi, mwenyewe yuko safarini, funguo zitakuja kwa posta.

Bila gari, kaa karibu na katikati ya mji, West Broadway au Osborne, au kandokando ya njia ya mabasi ya kasi kuelekea Chuo Kikuu cha Manitoba. Vitongoji vipya vya kusini vinapendeza kwenye picha, lakini kwenda kununua maziwa ni safari. Na ukisikia ushauri wa "panda basi namba fulani", uliza ni wa mwaka gani, kwa sababu mtandao mzima wa mabasi ulipangwa upya tarehe 29 Juni 2025 na namba za zamani nyingi zimekufa. Nunua kadi ya nauli iitwayo Peggo. Ukilipa taslimu uwe na nauli kamili, dereva harudishi chenji.

Baridi

Usiku wa kawaida wa Januari hushuka nyuzi 20 chini ya sifuri, na kila mwaka kuna siku za 30 na zaidi. Upepo unaongeza yake: utabiri utakupa namba mbili, ya kipimajoto na ya jinsi mwili unavyosikia. Vaa kwa kufuata ya pili.

Msimu wangu wa kwanza nilioga asubuhi, nikatoka na nywele zina unyevu, hatua kama mia mbili hadi kituo cha basi. Nilipofika zilikuwa zimekakamaa, nikigeuza kichwa zinagongana kama vijiti. Mama mmoja pale kituoni aliniangalia, akavua kofia yake ya pili (alikuwa amevaa mbili), akanipa. Hakusema neno.

Nguo usinunue nyumbani. Yale makoti ya mtumba yanayoitwa ya baridi kali ni ya baridi ya Mbeya. Nunua huku, na si lazima dukani: mitumba ipo, Value Village na maduka ya MCC, na mwezi wa Septemba bado kuna uchaguzi mzuri. Kama mfuko ni mdogo, hela yote weka kwenye viatu na koti. Kiatu kiwe kikubwa kidogo, soksi nene iingie bila kubana, maana mguu uliobanwa hauna damu ya kutosha na ndio unaoganda kwanza. Glavu za vidole vitano ziache. Chukua zile za mfuko, vidole vinne vinakaa pamoja vinapashana joto. Ndani vaa suruali ya kubana mwili, juu jinzi. Jinzi peke yake ni sawa na kutoka uchi.

Hewa ya ndani nayo ni kavu mno. Pua itatoa damu, midomo itapasuka, na ukigusa kitasa cha mlango utapigwa shoti kidogo mpaka urukeruke. Paka mafuta ya mgando kila ukitoka kuoga, na weka chombo cha kutoa mvuke chumbani.

Gari linalolala nje linahitaji kuchomekwa kwenye umeme. Injini nyingi za huku zina kifaa cha kuipasha moto, na ule waya unaoning'inia mbele ya magari ndio wake. Mimi nilidhani ni magari mabovu. Nikaegesha langu bila kuchomeka usiku mmoja wa nyuzi 33, asubuhi nikageuza ufunguo likalia mara moja kama mbuzi, kimya. Theluji ikianguka nyingi, jiji linatangaza zamu za kuilima mitaani kwa kanda zenye herufi. Jua herufi ya mtaa wako, vinginevyo utakuta faini na gari limevutwa.

Usiku wenyewe si wa kuogopa. Wenyeji wanatoka, wanateleza juu ya mto ulioganda pale The Forks, na katikati ya mji majengo mengi yameunganishwa kwa madaraja ya vioo, unatembea mitaa kadhaa bila kukanyaga nje. Anayejifungia ndani tangu Novemba hadi Machi ndiye anayeugua, na ugonjwa wenyewe unaanzia moyoni. Kwa mtu wa kazi ya mbali hatari hii ni mara mbili. Weka safari moja kila siku, hata ya kwenda maktaba.

Kazi, na saa zake

Winnipeg na Dar zinapishana saa tisa wakati wa baridi na saa nane wakati wa kiangazi, kwa sababu huku saa husogezwa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudishwa Jumapili ya kwanza ya Novemba. Dar ikiwa saa 11 jioni, Winnipeg Januari ni saa 2 asubuhi, na Julai ni saa 3. Kikao cha Dar cha saa 3 asubuhi kwako ni saa 6 usiku wakati wa baridi, na saa 7 usiku wakati wa kiangazi. Kubaliana na bosi mapema: ama kikao kiwe jioni yao, ama usiku wako ulipwe. Nilikaa miezi minne nikisema "hamna shida", na mwishoni nilikuwa nasinzia nikikaanga mayai.

Halafu saa zetu za Kiswahili zenyewe zinapoteza adabu huku. Sisi tunahesabu tangu jua kuchomoza, saa moja ni mwanga umeshaingia. Desemba jua la Winnipeg linachomoza karibu saa 2 na nusu asubuhi na kuzama karibu saa 10 na nusu jioni. Juni linachomoza saa 11 alfajiri na ushee, halizami mpaka saa 3 na nusu usiku imepita. Utamwambia mtoto alale saa 2 usiku na jua linamwakia usoni. Nunua mapazia mazito. Waislamu wapange Ramadhani yao kwa kuangalia imeangukia mwezi gani, kwani futari ya Desemba na ya Juni ni vitu viwili tofauti.

Intaneti ya nyumbani uliza kasi ya kupakia, si ya kupakua tu; wauzaji watakutajia ile kubwa. Uliza pia bei baada ya ofa kuisha, na uandikiwe. Siku mtandao ukikatika, Millennium Library katikati ya mji ina wai-fai ya bure na meza, na kadi ya maktaba kwa mkazi hailipiwi.

Sokoni

Bei iliyobandikwa si utakayolipa: ongeza asilimia 5 ya serikali kuu na 7 ya jimbo. Vyakula vya msingi, kama unga, nyama mbichi, mboga na maziwa, havina kodi hiyo. Nyama huandikwa bei ya ratili kwa maandishi makubwa na ya kilo kwa madogo, usije ukafurahi bure. Ukilipa taslimu, hesabu inasogezwa kwenye senti tano iliyo karibu, maana sarafu ya senti moja iliondolewa mwaka 2013.

Unga wa sembe upo kwenye maduka ya Kiafrika. Ukiukosa, tafuta unga mweupe wa mahindi uliosagwa laini, lakini ukiona pakiti imeandikwa masa iache: mahindi yake yamechemshwa na chokaa, ugali wake unanuka na haushikani. Siri yangu ni maduka ya Wafilipino, ambao Winnipeg wamejaa. Mihogo iliyomenywa na kugandishwa wanayo. Tui la nazi wanalo. Wana ndizi fupi nene ziitwazo saba, zinapikika vizuri kwa nyama. Na majani wanayoyaita malunggay ni mlonge wetu.

Watoto na afya

Shule ya serikali haina ada na mtoto anaandikishwa kulingana na mtaa anaokaa. Chekechea zilizopewa ruzuku ni dola 10 kwa siku, ila foleni ni ndefu, jiandikishe hata kabla mtoto hajazaliwa. Na jambo hili wazazi wetu lisiwapite: mtoto wa chini ya miaka 12 haachwi nyumbani bila mtu wa kumwangalia. Dada wa miaka kumi kulea mdogo wake, kwetu ni malezi. Hapa ofisa wa ustawi wa jamii atabisha hodi.

Jiandikishe kwenye huduma ya jimbo ya kutafutia watu daktari wa familia, Family Doctor Finder, ukiwa mzima. Wakati unasubiri tumia kliniki zisizohitaji miadi. Chumba cha dharura utakaa saa nyingi kama hufi. Meno na miwani haviko kwenye bima ya kawaida.

Leseni

Leseni ya nyumbani unaendeshea miezi mitatu ya kwanza tu, kisha ni mtihani wa maandishi na wa barabarani. Hapo ndipo ile barua ya TRA au NTSA inapotoka mfukoni. Bima ya msingi ya gari inauzwa na shirika la umma, Manitoba Public Insurance, kwa hiyo hakuna kuzunguka kutafuta bei. Tairi za baridi hazilazimishwi. Nunua hata hivyo, shirika hilohilo lina utaratibu wa kukopesha.

Aprili

Ritani ya kodi hupelekwa kabla ya tarehe 30 Aprili, na ipeleke hata kama hukupata senti, kwa sababu ndiyo inayoiambia serikali ikulipe marupurupu ya watoto na fidia ya kodi ya mauzo. Ukishakuwa mkazi, mapato yako ya dunia nzima yanatajwa, ya Dar yakiwemo. Kanada ina mikataba na Tanzania na Kenya ya kuepusha mtu kutozwa mara mbili, basi risiti za kodi uliyolipa kule zitunze. Mwenye nyumba ya kupangisha au mali nyingine nje, ambayo jumla ya gharama yake imezidi dola 100,000 za Kanada, ana fomu ya ziada ya kuitaja kuanzia mwaka wa pili wa ukazi. Nyumba unayoitumia mwenyewe haihesabiwi humo.

Aliyejiajiri ana mpaka tarehe 15 Juni kupeleka fomu, ila pesa yenyewe inadaiwa tangu 30 Aprili na riba inaanza kesho yake. Pima chumba unachofanyia kazi kwa futi: sehemu yake katika pango, joto na intaneti inapunguzwa kwenye mapato. Mapato yakizidi dola 30,000 ndani ya miezi 12, jisajili kwa kodi ya mauzo. Na katika kila malipo yanayoingia, tenga robo kwenye akaunti nyingine siku hiyohiyo, kabla hujatuma nyumbani.